Deki za DVD za Bei Nafuu na Ubora wa Sauti za Ngoma: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Mtafiti anayerekodi ngoma za Wamwera katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ana wajibu wa kuwarejeshea wapigaji na wachezaji sauti zao. Kwa kazi hiyo deki ya kawaida ya DVD inatosha. Deki za SACD, mfumo uliozinduliwa mwaka 1999, husifiwa sana, lakini diski zake halisi hazichomwi kwa kompyuta ya kawaida; kwa mtafiti hazina msaada.

Jambo lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba viwango vya DVD ya video vinaruhusu sauti isiyobanwa ya sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24, ilhali CD huishia sampuli 44,100 na biti 16. Diski ya gigabaiti 4.7 huchukua takribani saa mbili za sauti hiyo ya stereo. Baadhi ya deki huipunguza hadi sampuli 48,000 wakati wa kuicheza. Hata hivyo, kilichomo kwenye diski hubaki kamili.

Hatari imo katika MP3, ambayo deki hizohizo huisoma kwa urahisi. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, hubaki takribani sehemu moja tu kati ya kumi na moja ya data ya CD. Kinachoumia zaidi ni midundo: kelele hafifu huweza kutangulia pigo kali, na mwanzo wa pigo hupoteza makali. Kwa anayechambua mapigo yanayopishana, hasara hiyo si ndogo, wala kuigeuza MP3 kuwa WAV hakurejeshi kilichokwisha kutupwa.