Sikio Baina ya Hewa na Maji

Mtu aliyewahi kupiga mbizi Luanda Kotieno, ufukweni mwa ziwa huku Siaya nchini Kenya, karibu na pale feri ya Mbita inapofunga gati, anafahamu jambo ambalo wanafunzi wa elimu ya sauti hulisoma vitabuni, nalo ni kwamba ghasia yote ya nchi kavu, ya wachukuzi na wachuuzi wa omena na honi za matatu, hukoma mara kichwa kinapozama, ilhali injini ya mashua iliyo mbali hunguruma majini kana kwamba iko begani. Sababu ni kuwa hewa na maji haviachiani sauti kwa urahisi: wimbi la sauti litokalo hewani likigonga uso wa maji hurudishwa karibu lote, na nguvu ipenyayo ni kadiri ya sehemu moja tu katika elfu. Nimeanza na ziwa kwa kuwa sikio la binadamu limepewa taabu hiyo hiyo, na sehemu kubwa ya umbo lake ni hila ya kuishinda. Maana sauti hutujia kwa njia ya hewa, lakini chembe zinazoipokea zinaishi ndani ya maji.

Hila yenyewe ni hii. Sauti huingia katika tundu la sikio na kukitetemesha kiwambo, na nyuma yake vipo vifupa vitatu vilivyoungana, nyundo, fuawe na kikuku, ambacho urefu wake ni kama milimita 3 na hakuna mfupa mdogo zaidi yake katika mwili mzima. Wayo wa kikuku hukaa juu ya kidirisha cha sikio la ndani. Na kwa kuwa eneo la kiwambo linalotetema ni takriban mara 17 ya eneo la wayo huo, nguvu iliyokusanywa mahali papana hubanwa mahali pembamba, vifupa navyo vikafanya kazi ya wenzo, hata shinikizo lifikalo majini likawa zaidi ya mara 20 ya lile lililoanza kiwamboni. Ili kiwambo kicheze sawasawa yapasa hewa ya pande zake zote mbili ilingane, na kazi hiyo imekabidhiwa mrija utokao sikio la kati mpaka nyuma ya pua, uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia wa karne ya 16. Mrija huo hufunguka tumezapo mate. Kwa mtoto ni mfupi tena umelala, na ndiyo sababu mafua ya mtoto hupanda masikioni upesi kuliko ya mtu mzima.

Sehemu ya kusikia ya sikio la ndani, iitwayo koklea, imejizungusha kama gamba la konokono kwa mizunguko miwili na nusu hivi. Ndani yake mmetandikwa utando, na juu ya utando huo zimepangwa seli zipatazo 15,000 zenye vinywele vinavyoinama wimbi linapopita na hivyo kuamsha mshipa wa fahamu uendao ubongoni. Aliyetuonyesha mwendo wa wimbi hilo ni Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest aliyeanza kazi yake, ajabu ya mambo, katika maabara ya simu ya posta ya Hungaria, na aliyetunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1961. Alionyesha kwamba kila sauti ina mahali pake katika utando: sauti nyembamba hupokewa mlangoni mwa koklea, na nzito hukomea kileleni. Seli hizo zikifa hazioti tena. Kuku, ambaye hatumhesabu miongoni mwa wenye vipawa, huziotesha upya. Sisi hatukujaaliwa hilo.

Aghalabu zinazotangulia kufa ni za mlangoni, zile za sauti nyembamba, na hapa ndipo watu wengi wanapoudhania uziwi jambo ambalo silo. Mama muuza omena aliyevuka miaka sitini hulalamika, si kwamba hasikii, bali kwamba vijana wa siku hizi hawatamki maneno. Mnunuzi akimtajia bei ya gorogoro, irabu, ambazo ni sauti nene zenye nguvu, zinamfikia kamili, bali s na t, zilizo nyembamba na dhaifu, zinapotea njiani. Na kwa kuwa sitini na tisini zina irabu zile zile kwa mpango ule ule, na n moja mahali pamoja, analopata yeye ni mabaki ambayo yaweza kuwa hili au lile, naye hukisia. Mnunuzi akipaaza sauti huzidisha irabu tu. Fauka ya hayo, seli zilizokufa huchukua pamoja nazo uwezo wa kupima ukubwa wa sauti, hata ile ndogo isisikike kabisa na kubwa ikaumiza vile vile. Kwa hiyo nyanya anayesema, "Sema tena," kisha akasema, "Usinipigie makelele," hana ukaidi wowote, amesema kweli mara mbili.

Uzee una sehemu yake katika jambo hili, lakini kelele ina kubwa zaidi kuliko tunavyokiri. Chukua mfano wa ribiti: meli ya SS William Mackinnon, iliyoundwa Paisley karibu na Glasgow na kuletwa vipande vipande, ilipigwa ribiti upya Kisumu na kushushwa ziwani mwaka 1900. Na ni huko huko Glasgow, mwaka 1886, ambako tabibu Thomas Barr aliwapima masikio mafundi wa matangi ya mvuke, watu wa ribiti hizo hizo, akakuta kwamba usikivu kamili ulikuwa umewatoka. Leo nyundo ziko kwa mafundi wa mabati, na injini ziko nyuma ya mashua, hatua moja kutoka sikio la nahodha. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni robo saa tu. Kizibo cha sponji cha sikioni ni rahisi kuliko petroli ya asubuhi moja, na sioni sababu ya nahodha kukikosa.

Kwa watoto adui ni usaha. Sikio linalotoa usaha kwa wiki kadha lina kiwambo kilichotoboka, na dawa yake ni kulikausha kwa utambi wa kitambaa safi mara kwa mara na kutia matone aliyoandika tabibu, na mtoto asioge ziwani mpaka lipone. Mafuta ya taa, maji ya majani na njiti ya kiberiti havina kazi humo. Homa ya uti wa mgongo huweza kuua koklea kwa siku chache. Sindano za streptomisini, zilizookoa maisha ya wagonjwa wengi wa kifua kikuu, ziliwaacha baadhi yao viziwi. Na kwinini, ambayo wazee wa ziwani waliijua vyema, huvumisha masikio, ijapokuwa uvumi wake kwa kawaida huondoka dawa inapokoma.

Aliyezaliwa kiziwi ana mambo yake mengine. Shule ya viziwi ya Nyang'oma, huku huku Siaya upande wa Bondo, ilianzishwa mwaka 1961, zama ambazo walimu waliamini kuwa mtoto afundishwe kusoma midomo na kutamka, na mikono itulie. Watoto hawakuitii imani hiyo mabwenini, na lugha ya ishara ikakua. Katiba ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi tatu za Bunge.

Kwa aliyepungukiwa ukubwani, kisaidizi cha kusikia kilichopimwa kwa sikio lake mwenyewe hukuza zile sauti nyembamba na kuziacha nene zilivyo, ila ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzizoea, na wengi hukitupa sandukuni kabla ya hapo. Wa nyumbani nao wamwendee karibu, waseme polepole uso ukiwa kwenye mwanga, na redio izimwe kwanza. Lakini mtu ambaye sikio lake moja limezimika ghafla, kwa usiku mmoja na bila maumivu, huyo asizoee wala asingoje siku ya kliniki: dawa ipo, nayo hufaa zaidi katika siku za mwanzo, na baada ya wiki mbili hivi tumaini lake hupungua sana.