Vumbi la Kiangazi, Moshi wa Masika: Hewa ya Ugogo

Ukitaka kuielewa nyumba ya Mgogo, ingia Dodoma mwezi wa Septemba, saa sita mchana. Ugogo ni nchi tambarare iliyo takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, yenye vilima vya mawe vilivyotawanyika na mibuyu inayosimama mbali mbali. Mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mbingu hufunga. Ng'ombe na mbuzi humaliza nyasi, ardhi hubaki uchi, na upepo wa mashariki na kusini-mashariki hupita bila kizuizi. Jua likishapanda, visulisuli husimama mashambani, vyekundu, vikizungukazunguka mpaka vichoke. Jioni mifugo ikirudi kutoka machungani, vumbi la kwato huifunika njia nzima, na anayechunga nyuma ya kundi ndiye anayelila zaidi.

Tembe, nyumba ya Wagogo, ilijengwa kuikabili hali hiyo. Kuta zake ni miti iliyosimikwa karibu karibu na kukandikwa udongo. Paa ni bapa, limelazwa boriti, matawi na nyasi, kisha likafunikwa udongo. Nyumba ni fupi, kwa hiyo upepo hupita juu yake. Mlango ni mdogo, madirisha hakuna, na mabanda yake huuzunguka ua ambamo mifugo hulala. Mchana ndani kuna ubaridi, na usiku wa Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapouma kweli, kuna joto. Wageni wengi waliiponda tembe kwa giza lake. Nadhani walikuja wakati wa mvua.

Maana hapo ndipo mambo yanapogeuka. Kiangazi mwanamke anaweza kupika uani na moshi ukachukuliwa na upepo. Mvua zikianza, vumbi hulala, majani huchipua, hewa ya nje huwa safi kuliko wakati wowote wa mwaka, na ndipo hewa ya ndani inapochafuka. Mafiga huhamishiwa ndani, kuni zimelowa, ugali wa uwele unataka moto wa muda mrefu, na moshi hauna pa kutokea ila mlangoni. Moshi huo una kazi yake: huwafukuza mbu, hukausha boriti zisiliwe na mchwa, na hulinda nafaka iliyohifadhiwa ndani isitobolewe na wadudu. Lakini anayeinama mbele yake kila siku ni mama, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni, na kifua cha mtoto hakijui faida ya moshi kwa mtama.

Upepo wenyewe hauchukiwi. Mavuno yakishakauka, wanawake hupura uwele kwa fimbo kwenye kiwanja kilichosiribwa, kisha huinua ungo juu na kuimwaga nafaka taratibu ili upepo uchambue makapi. Siku isiyo na upepo ni siku ya kukaa tu. Upepo ukija, kazi huenda, na pamoja nayo huja vumbi la makapi linalowasha shingo, kukereketa koo na kuwakohoza watu hadi usiku.

Hata mikosi ilikuwa na njia yake ya kuondoka. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi wanawake walivyovaa nguo za kiume, wakashika silaha na kuchunga ng'ombe wakati maradhi ya mifugo au janga jingine lilipoiingia nchi, kisha wakaufukuza mkosi huo kuelekea magharibi hadi nje ya mpaka. Magharibi, yaani upande uleule ambao upepo hupeleka makapi.

Madhara ya kiangazi hayakomei kifuani. Kongwa, hukohuko Ugogo, imejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ambao huenezwa kwa mikono, nguo na inzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Vijiji vya huko vilifanyiwa utafiti ulioonyesha kuwa kuosha uso hupunguza ugonjwa mkali. Ushauri mzuri, lakini maji ya kunawa huadimika katika miezi ileile ya vumbi, na ndoo iliyobebwa kutoka mbali huanza na chungu, si na uso.

Ardhi haikuachwa uchi na mifugo peke yake: Kongwa hiyohiyo ndiyo Waingereza waliyoifyeka kwa matrekta kuanzia 1947 ili walime karanga. Mvua iliwakatalia, udongo ukawa mgumu hata jembe la mashine likashindwa, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Kaskazini, Kondoa kwa Warangi, serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima vilivyokuwa vimechimbwa na makorongo. Nyasi na vichaka vilirudi. Wenye ng'ombe walilipa gharama ya majani hayo.

Siku hizi tembe zinapungua. Tangu watu walipokusanywa vijijini miaka ya 1970, tofali na bati vimeshika nafasi, na madirisha yamekuja navyo. Moshi umepata pa kutokea, vumbi limepata pa kuingilia. Wenye uwezo huweka vioo. Wengine huziba dirisha kwa gunia kuanzia Julai, na wengi wamejenga jiko pembeni ya nyumba, dogo, la miti na udongo, lisilo na dirisha.