Ukandarasi katika Nchi ya Mvua

Mtu anayetoka Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haivuki milimita 600, akapanda gari Uyole na kuteremka Tukuyu katikati ya mwezi wa Machi, hujionea mwenyewe jinsi nchi mbili za taifa moja zinavyoweza kutofautiana. Kwani wilaya ya Rungwe, iliyotandazwa kwenye miteremko ya mlima wenye kimo cha karibu mita 2,960, hupata kwa mwaka mvua ya kati ya milimita 1,500 na 2,700, na kuanzia Novemba hadi Mei ziko siku nyingi ambazo jua halionekani kabisa. Neema hiyo ndiyo iliyoipa Rungwe migomba yake, chai yake, viazi vyake na maparachichi yake. Walakini kwa yule ambaye riziki yake ni kuwajengea watu nyumba, shule na makalavati, mvua hiyo ni sharti lililomo ndani ya kila mkataba, liwe limeandikwa au halikuandikwa. Na yakini yangu ni kwamba katika wilaya hii biashara ya ukandarasi huanguka kwa hesabu mbaya ya wakati mara nyingi zaidi kuliko inavyoanguka kwa uashi mbaya.

Yafaa kwanza tupambanue kati ya fundi na mkandarasi, maana watu wengi huwachanganya, na kuchanganya huko kumewatia hasarani mafundi hodari. Fundi mwashi huuza ujuzi wa mikono yake: hushika mwiko, hutega timazi, hupanga tofali, na ifikapo jioni au mwisho wa juma hupokea ujira wake akaenda zake. Mkandarasi huuza ahadi, yaani kwamba jengo fulani, kwa michoro fulani, litakamilika kwa tarehe fulani na kwa bei waliyopatana, na lolote litakalozuka katikati, saruji ikipanda bei, lori likikwama njiani, kibarua akiumia, liko juu yake yeye. Ndiyo sababu Sheria Na. 17 ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo huwapanga makandarasi wa majengo na wa kazi za kihandisi katika madaraja saba, la kwanza likiwa la juu na la saba likiwa la chini, na kila daraja lililo chini ya la kwanza lina ukomo wa thamani ya kazi ambayo mwenye daraja hilo aruhusiwa kuipokea. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kujiita mkandarasi, hata kama ukuta anaoujenga umenyooka kuliko wa aliyesajiliwa.

Wenyeji wa nchi hii walijua kujenga kabla ya mikataba kuandikwa. Mskochi Joseph Thomson alipopita huku mwaka 1879 alistaajabia unadhifu wa nyumba za mianzi za Wanyakyusa, na nyumba zile ziliafikiana barabara na hali ya nchi, kwa kuwa mianzi na nyasi vilipatikana karibu, na lililoharibiwa na mvua liliweza kutengenezwa kwa siku chache kwa msaada wa majirani. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, na baada yao serikali ya Wadachi iliyojenga boma lake katika mji iliouita Neu-Langenburg, ndio Tukuyu ya leo, ujenzi wa mawe na tofali ulikuja na masharti mapya: tofali mbichi haivumilii mvua, chokaa haishiki penye majimaji, na ukuta mzito unahitaji msingi uliochimbwa katika udongo mkavu. Boma lile lingalipo na hata leo linatumika kwa kazi za utawala.

Tangu hapo kalenda ya mjenzi wa Rungwe imekuwa fupi. Msimu wa kiangazi huanza Juni na kwisha Oktoba, na hata ndani ya miezi hiyo mitano Juni na Julai huwa na baridi na ukungu unaochelewesha tofali kukauka. Mkandarasi mwenye busara hupanga msingi uchimbwe Juni, kuta ziinuke Julai na Agosti, lenta na mkanda vimwagwe Septemba, na kenchi zipandishwe na bati zipigwe kabla Oktoba haijaisha. Kwa sababu jengo likiisha kuezekwa, lipu, sakafu, umeme na milango vyaweza kuendelea ndani hata kama nje kunanyesha usiku na mchana. Jengo litakaloingia Desemba bila paa limeingia katika gharama isiyokuwa na mwisho. Mlinzi hulipwa kila mwezi ilhali hakuna kinachoendelea, turubai huchanika, mbao za kufungia zege hupinda na kuoza, na mtambo uliokodiwa kwa siku hudai kodi yake hata siku ambayo haukuwashwa. Gharama hizi zote zaweza kukadiriwa mapema, na mahali pake ni katika jedwali la kazi na bei; lakini wako wengi ambao, kwa tamaa ya kuipata zabuni, huziacha nje ili jumla yao ionekane ndogo, wakidhani kwamba mwaka huu mvua itachelewa. Bei ya namna hiyo si rahisi kwa mshitiri wala si faida kwa mkandarasi, maana tofauti yake italipwa na mmoja wao, na mara nyingi italipwa na jengo lenyewe, kwa kupunguzwa nondo hapa na saruji pale.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha. Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza tarehe 1 Julai. Fedha zikisubiriwa ndipo zabuni itangazwe, halafu waombaji wapewe muda wa kujaza bei, tathmini ifanyike, malalamiko yasubiriwe na mkataba utiwe saini, ni rahisi mno kufika Oktoba au Novemba kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Dodoma kalenda hiyo haidhuru sana. Katika kata za Rungwe zilizo juu mlimani, maana yake ni kwamba mkandarasi hukabidhiwa eneo la kazi mvua inapoanza, na hutakiwa kulirudisha likiwa limekamilika mvua inapokwisha. Hapana maarifa ya uashi yatakayoiponya ratiba ya jinsi hiyo. Tangu Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 zabuni za umma hupitia katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, na hapana shaka mfumo huo umempunguzia mkandarasi wa Tukuyu safari za kubeba bahasha. Lakini mfumo hauwezi kuyarudisha majuma yaliyopotea kabla tangazo halijaingizwa ndani yake.

Baada ya wakati ndipo zinafuata fedha, na mambo haya mawili hayatengani. Mkandarasi hulipwa kwa hati za malipo: kazi hupimwa, msimamizi wa mradi huithibitisha, hati hutolewa, kisha mshitiri hulipa, na katika kila hati hukatwa sehemu inayozuiwa kuwa dhamana ya ubora, ambayo kwa kawaida jumla yake haizidi asilimia 10 ya thamani ya mkataba. Kati ya siku aliyonunua nondo na siku fedha zinapoingia benki yaweza kupita miezi, na katika miezi hiyo vibarua wanakula kila siku. Arubuni anayopewa mwanzoni imekusudiwa kuziba pengo hilo. Ni amana ya kazi ile moja, itakayokatwa kidogo kidogo katika malipo yanayofuata; basi yule anayeipokea akanunulia gari jipya, au akaipeleka kumalizia kazi ya zamani iliyokwama, amejiwekea mwenyewe tarehe ya kufilisika. Hesabu ya kila mradi iwe na daftari lake. Si lazima daftari liwe la kitaalamu. La lazima ni kwamba mtu aweze kulifungua jioni yoyote akaona shule hii imeingiza nini na imetoa nini, pasipo kuchanganywa na zahanati ile wala na karo za watoto wake.

Kwa makandarasi wadogo, ambao benki huwadai rehani wasiyokuwa nayo, Bodi ilianzisha mfuko wa kuwadhamini wanapoomba zabuni na wanapohitaji malipo ya awali, na vilevile imekuwa ikiwahimiza waungane kwa ubia ili wapate kazi kubwa kuliko madaraja yao. Njia hii ya ubia naipenda, kwa kuwa katika wilaya yenye kazi chache wakati wa masika watu wawili wenye mtambo mmoja wana nafuu kuliko watu wawili wenye deni la mitambo miwili.

Ardhi nayo ina desturi zake. Udongo wa Rungwe umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, hunywa maji mengi, na ukichokozwa ukiwa umelowa kwenye mteremko huporomoka. Mitaro ya kuyaondoa maji ya mlimani huchimbwa kabla ya msingi, na anayeiahirisha hadi mwisho wa kazi ataichimba akiwa anazoa tope ndani ya msingi wake. Tena wilaya yote iko katika Bonde la Ufa. Tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910, lililotokea upande wa Rukwa, ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika, na mwaka 2009 ndugu zetu wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, walibomokewa na nyumba zao. Kwa hiyo mkanda wa zege wenye nondo unaozifunga kuta juu ya madirisha si pambo la kupunguzwa bei inapobana. Zege lenyewe lataka ulinzi wakati wa mvua, kwa kuwa maji yakizidi katika mchanganyiko nguvu yake hupungua hata kama mifuko ya saruji iliyotumika ni ileile. Mchanga uliolala nje usiku kucha umekwisha kunywa maji, na msimamizi asiyepunguza maji ya pipa kwa kadiri hiyo atajua kosa lake baada ya siku 28, vipande vya majaribio vinapovunjwa maabara.

Juu ya watu nitasema machache. Chai ya Rungwe huchipua kwa wingi wakati wa mvua, na ndipo mashamba yanapohitaji mikono ya kuichuma. Kwa hiyo saidia fundi aliyeachwa Desemba hakosi mahali pa kwenda, na mkandarasi hana haja ya kumdanganya kwamba kazi ingaliko. Aliyelipwa ujira wake wote kabla ya kwenda kuchuma chai hurudi Juni pamoja na ndugu zake. Aliyedhulumiwa harudi, na habari zake hufika Kiwira, Katumba na Masoko kabla ya tangazo la kazi mpya.

Lililobaki ni kipindi cha uangalizi baada ya jengo kukabidhiwa, ambacho mikataba mingi huweka kuwa miezi sita au kumi na miwili, na ambacho mwisho wake ndipo nusu ya mwisho ya fedha zilizozuiwa hutolewa. Katika wilaya hii miezi sita haitoshi. Jengo lililokabidhiwa Mei, likaangaliwa hadi Novemba, limeangaliwa katika kiangazi tu, na paa lake halijajaribiwa na lolote. Nami ningependa kila halmashauri ya nchi za mvua iandike miezi kumi na miwili pasipo kukosa, na kwa upande wake ikamilishe michoro na makadirio mwezi wa Aprili, ili ifikapo Julai kinachosubiriwa kiwe ni saini peke yake, na mkandarasi apate miezi minne ya jua badala ya mmoja.