Mvua ya Mwaka Jana Ingali Chini ya Mawe



Mvua ya kwanza ikianguka Kakontwe, wengi wetu wanasema: «Sasa Lufira itajaa.» Haijai. Udongo uliokauka tangu mwezi wa tano unakunywa kwanza, na mto unapanda sana karibu na mwezi wa tatu. Wakati wa kiangazi ni kinyume: mvua imekoma siku nyingi, na chemchemi zingali zinatoa maji. Yanatoka wapi? Chini ya miguu yenu. Mawe ya chokaa ya Kakontwe yana nyufa na mapango. Yanaweka mvua kama ghala na kuirudisha polepole.

Kwa hiyo mwaka mmoja wa mvua mbaya haumalizi mto. Miwili ikifuatana inaumiza, kwa sababu mvua nzuri ya mwaka wa tatu itajaza ghala kwanza. Ziwa Tshangalele, linaloshika maji ya Lufira kwa santrali ya Mwadingusha, linaona jambo hili, na taa za nyumbani pia.

Lufira inaingia Lualaba, na maji yake yanafika Kinshasa, ambako mto Kongo unapimwa tangu 1902. Miaka ya 1960 ilikuwa ya maji mengi, na gharika ya 1961 ilipita zote. Miaka ya 1980 mto ulishuka. Januari 2024 ulipanda tena, karibu na alama ya 1961. Na mwaka huo huo jirani zetu wa Zambia walikosa mvua, ziwa Kariba likashuka, umeme ukakatwa saa nyingi. Mzee anayesema mvua imekwisha duniani amehesabu miaka michache mno.

Sasa sikiliza, mama. Mchanga unachuja maji. Nyufa za mawe haya hazichuji. Mvua kubwa inafagia vyoo na takataka, na uchafu ule unaweza kufika kisimani upesi sana. Ndiyo njia ya kolera. Maji ya kisima yakibadili rangi, usingoje yatulie: yachemshe mpaka yatokote, kisha uyafunike. Yakiwa safi kwa macho, yachemshe vilevile.

Na wewe baba, unapochimba choo kipya, kiweke mbali na kisima, upande wa chini. Ukikuta ufa katika jiwe, fukia shimo hilo, uchimbe pengine.