Kuziba na Kuunga: Lugha ya Kutengeneza Mashua ya Faibaglasi

Utangulizi

Mji wa Eldoret uko juu ya uwanda wa Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, wala hauna bandari. Hata hivyo, atokaye mjini humo akapita Iten, akateremka Bonde la Kerio na kuvuka milima ya Tugen, hufika Ziwa Baringo, ambako mashua za faibaglasi huwapeleka watalii kutazama ndege, viboko na mamba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya ziwa hilo yalipanda sana, yakafunika miti, nyua na kuta za nyumba. Vitu hivyo vilivyozama ni hatari kwa kila chombo kipitacho juu yake. Kwa hiyo suala la kutambua na kutengeneza madhara ya mashua si la watu wa pwani peke yao.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, na kuonyesha kwamba maneno ya kuielezea kwa Kiswahili yapo tayari kwa sehemu kubwa. Lakini baadhi ya maneno yaliyorithiwa kutoka katika ufundi wa mbao humpoteza fundi yakihamishwa bila kupimwa. Jambo kubwa hapa ni tofauti kati ya kuziba na kuunga, na tofauti hiyo yaweza kugharimu maisha ya abiria.

Chombo cha mbao na chombo cha faibaglasi

Chombo cha mbao kina mkuku chini, mataruma yanayoinuka kutoka humo, na mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma. Maji huingia hasa mahali ubao unapokutana na ubao. Fundi hukalafati, yaani huipigilia pamba katika nafasi hizo, kisha sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Ikiwa mbao zenyewe ni nzima, dawa ya kuvuja ni kuziba.

Faibaglasi, ambayo mafundi huiita kwa kifupi faiba, haina mbao wala viungo vya namna hiyo. Ni nyuzi nyembamba za kioo, zilizofumwa kama kitambaa au kutandazwa kama mkeka, zikalowekwa resini iliyotiwa kigumishi. Tabaka kadhaa hushikana kuwa kitu kimoja, na nje huwa na utandu mwembamba uitwao jelikoti, ambao aghalabu haufiki unene wa milimita moja. Mzigo wa mawimbi hubebwa na gamba hilo lenyewe. Basi ufa katika faiba si nafasi kati ya vitu viwili vizima, bali ni kuvunjika kwa kitu chenyewe.

Ieleweke kwamba kinachoamua si upya wa mali. Mwaka 2018 huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliteremsha majini Flipflopi, chombo kilichojengwa kwa plastiki iliyokwisha kutupwa. Mali ilikuwa mpya, lakini ilifanywa mkuku, mataruma na mbao. Kwa hiyo maneno ya zamani yalikifaa. Kinachoamua ni muundo, yaani jinsi chombo kinavyoshikana na kubeba mzigo.

Kutambua madhara

Katika kutambua madhara, vitenzi vya Kiswahili ni msaada mkubwa, mradi kila kimoja kipewe mpaka wake. Mashua iliyokwaruzwa imeguswa jelikoti tu. Iliyochubuka imetokwa na jelikoti, na nyuzi zaonekana. Iliyopasuka ina ufa uliofika kwenye nyuzi. Iliyobanduka ina tabaka zilizoachana ndani, ijapokuwa uso wake waweza kuonekana mzima. Yafaa pia kuangalia kauli za vitenzi hivi. Kauli ya kutendwa, kama katika kukwaruzwa, humfanya msikilizaji aulize: na nini? Kauli ya kutendeka, kama katika kupasuka na kubanduka, humfanya aulize: kwa kadiri gani? Fundi hana budi kuuliza yote mawili.

Baada ya mashua kuoshwa na kukauka, kwanza hutumika macho. Nyufa ndogo zinazotawanyika kutoka mahali pamoja kama miali huonyesha palipogongwa. Nyufa zinazokwenda sambamba karibu na taruma la ndani huonyesha kwamba gamba limekuwa likipindapinda kwa muda mrefu. Pili hutumika sikio. Fundi hugonga polepole kwa nyundo ndogo ya plastiki au kwa sarafu: mahali pazima hutoa sauti kavu na kali, ilhali palipobanduka au kulowa hutoa sauti nzito, iliyofifia. Mipaka ya sauti hizo huchorwa kwa kalamu. Tatu, hapana budi kukagua upande wa ndani, kwani madhara ya ndani huenda yakawa mapana kuliko ya nje.

Malengelenge yana asili nyingine. Maji hupenya jelikoti kidogo kidogo, yakakutana na chembechembe zinazoyeyuka, yakavuta maji mengine hadi uso ukavimba. Lengelenge likitobolewa hutoa majimaji yenye harufu kama ya siki. Hapa hakuna kilichogonga mashua; ugonjwa umeingia kwa kukaa majini muda mrefu.

Kutengeneza

Ufa uliofika kwenye nyuzi ukijazwa lipu tu, maji yatakoma kuingia na uso utang'aa. Hapo fundi amekwisha kuziba, lakini hajaunga. Nyuzi zilizokatika bado zimekatika, na wimbi kubwa laweza kuufungua ufa huo mashua ikiwa katikati ya ziwa.

Kuunga huanza kwa kuondoa. Sehemu yote mbovu husagwa, kisha kingo huchongwa ziteremke taratibu, upana wa mteremko ukiwa kiasi cha mara 12 ya unene wa gamba. Gamba la milimita 6 lataka mteremko wa milimita 72 kila upande. Mteremko huo ndio unaokipa kiraka eneo la kutosha la kushika. Vumbi huondolewa, na uso hupanguswa kwa asetoni. Vitambaa vya nyuzi vya ukubwa unaopishana hulowekwa resini na kupangwa kimoja juu ya kingine, na hewa iliyonaswa husukumwa nje kwa rola. Kazi ikishaiva husuguliwa kwa msasa, ndipo jelikoti mpya ipakwe. Muda wote fundi ajikinge dhidi ya vumbi na mvuke wa resini.

Neno kiraka, lililotoka kwenye nguo, limesadifu hapa kuliko kalafati, kwa kuwa kinachotiwa ni kitambaa hasa, na kazi yake ni kuurudisha uzima wa kile kilichochanika.

Kukauka na kuiva

Mafundi wengi husema kwamba resini imekauka. Usemi huo huficha mambo mawili yaliyo mbalimbali. Gamba lililolowa hukaushwa kweli, yaani maji hutoka. Kiraka kikibandikwa kabla ya hapo hakitashika. Resini haikauki kwa namna hiyo: hubadilika kutoka ndani kwa nguvu ya kigumishi, tena hutoa joto lake yenyewe. Neno kuiva lafaa zaidi, kwani hata tunda huiva kwa mabadiliko yaliyo ndani yake.

Tofauti hii ina matokeo. Kwa resini ya poliesta, kigumishi aghalabu huwa gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya resini, kufuatana na maagizo ya mtengenezaji na hali ya hewa. Katika baridi ya asubuhi ya Eldoret, kipimo kidogo chaweza kuacha kiraka kibichi. Kipimo kikubwa, kikipelekwa kwenye joto la Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo, chaweza kuiivisha resini ndani ya kopo kabla haijapakwa. Aaminiye kwamba resini hukauka ataianika juani. Ajuaye kwamba huiva atapima kigumishi.

Kadhalika neno nyuzi lahitaji uangalifu, maana ni nyuzi za kioo na pia ni vipimo vya joto. Agizo la "kuongeza nyuzi" halieleweki katika karakana yenye vyote viwili. Kwa joto yafaa kusema sentigredi.

Hitimisho

Waundaji wa istilahi hawana haja ya kubuni kila neno upya kwa ajili ya ufundi huu. Mkuku, taruma, kiraka, msasa, kubanduka na kuiva yatosha kuujenga msingi. Kazi iliyobaki ni kuyapima maneno hayo mbele ya kazi yenyewe, pamoja na mafundi, na kuyawekea mipaka. Mwongozo utakaoandikwa kwa ajili ya wenye mashua za Baringo na useme wazi: mkwaruzo huzibwa, ufa huungwa.