«Ma ngombe»: Kikongo kilichobaki Kolombia

Katika somo la lugha za krioli, mwalimu aliandika ubaoni: ma ngombe. Akauliza ni lugha gani. Wengi tulijibu Kikongo. Mwenzetu mmoja wa Kongo-Kati akakataa: kwao hakuna anayesema hivyo. Alikuwa na haki. Katika Kikongo, kama katika Kiswahili, ng'ombe hayumo katika ngeli ya ma-.

Maneno hayo ni ya San Basilio de Palenque, kijiji cha Kolombia kilicho kilomita 50 hivi kutoka Cartagena, bandari waliposhushwa watumwa wengi wa Wahispania. Waliotoroka walijenga ngome porini. Kiongozi wao anayekumbukwa zaidi, Benkos Biohó, aliuawa na Wahispania mwaka 1621, lakini wenzake hawakurudi utumwani.

Msamiati wa lugha yao ni wa Kihispania kwa sehemu kubwa. Hata hivyo mtoto ni moná, yaani mwana, na wingi wake ni ma moná. Nyumba ni kasa, neno la Kihispania, na wingi ni ma kasa. Tazama kilichotokea: mfumo wote wa ngeli umekufa, kiambishi kimoja kikabaki, kikachukua kazi ya vyote. Kwangu hilo linaeleza asili yao kuliko orodha ndefu ya maneno, kwa sababu neno moja huazimwa sokoni, lakini wingi hauazimwi kirahisi.

UNESCO iliutambua utamaduni wa Palenque mwaka 2005, pamoja na lumbalú, nyimbo zao za matanga. Lakini kazi ngumu ilikuwa imeanza zamani, shuleni kijijini. Wazazi walikuwa wameacha kuongea lugha hiyo na watoto, maana mjini Cartagena walichekwa kwamba wanaongea Kihispania kibovu. Wenyeji ndio walioiingiza darasani.

Nayasoma hayo nikikumbuka kibao nilichovikwa shingoni katika shule ya msingi kwa kuongea Kitabwa. Leo nasoma isimu, na Kitabwa nakijua nusu.

Yule mwenzetu alimsomea mama yake maneno ya ubaoni kwa simu. Kwa ma ngombe mama alicheka sana. Kwa moná akauliza: «Hao ni watu wa kijiji gani?»