Munigi: Pikipiki ya zamani yarudi barabarani baada ya kufungwa nyaya upya nyumbani

Nyumbani kwetu Munigi, kaskazini kidogo mwa mji wa Goma, katika wilaya ya Nyiragongo, kuna pikipiki aina ya TVS iliyokaa karibu miaka miwili chini ya shitingi. Injini yake haikuwa na shida. Ukiipiga kiki mara mbili, inawaka. Kilichoisimamisha ni umeme. Taa ya mbele ilizimika kila gurudumu lilipoingia shimoni, klakisoni ilikuwa kimya, na siku moja mdogo wangu, ambaye ni motari, aliona moshi unatoka chini ya kiti akiwa amebeba abiria. Abiria aliruka. Yeye aling'oa waya wa betri kwa mkono, akaungua vidole viwili.

Kwa mtu wa Munigi, pikipiki isiyo na taa si jambo dogo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka, lava ilishuka hadi huku kwetu, ikakata barabara ya taifa namba 2 inayoelekea Rutshuru, na kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Umeme ulikatika sehemu kubwa ya mji. Mdogo wangu alimpakia mama pamoja na watoto wawili kwenye pikipiki hii hii, na taa ilikuwa inawaka na kuzimika. Mama ndiye aliyemulika njia kwa simu, mkono ukiwa juu ya bega la mwanaye. Walifika salama, lakini mama hajasahau. Kila tulipozungumza juu ya kuiuza, alituuliza kama tutamwambia mnunuzi kwamba taa yake haiaminiki.

Kununua nyingine hakukuwezekana. Pikipiki mpya inapita dola elfu moja, na tangu mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na pesa zikawa ngumu kupatikana. Mdogo wangu alikuwa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni alipaswa kumpelekea mwenyewe fedha yake kabla ya kununua unga wa nyumbani. Basi tuliamua kuitengeneza wenyewe, siku za Jumapili baada ya ibada.

Kuchora kabla ya kukata

Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya umeme wa magari kwa miaka mingi, alikubali kutuongoza. Sharti lake lilikuwa moja: tusikate waya wowote kabla ya kuuchora. Mdogo wangu alitaka kuanza palepale.

"Mwanangu, ukikata leo, kesho utauliza nani?" mzee alimwambia.

"Ndiyo, papa," alijibu, akaweka koleo chini.

Kwa hiyo Jumapili ya kwanza iliisha kwenye daftari la shule. Tulifungua kiti na tanki, tukatoa kwanza waya wa hasi wa betri, kwa sababu ufunguo ukigusa chuma wakati hasi imeshatoka, hakuna cheche. Kila waya tuliufungia kipande cha sparadra chenye namba, na namba hiyo tukaiandika katika daftari pamoja na mahali waya unapotoka na unapokwenda. Rangi hatukuziamini. Mafundi wengi walikuwa wamepita kwenye pikipiki ile, na waya uliotoka mwekundu upande wa betri ulifika mweusi upande wa taa.

Tulipomaliza kuchora, chanzo cha moshi kilionekana wazi. Mtu fulani, zamani, aliona fizibli imekatika, akaiweka kando na kuunganisha nyaya moja kwa moja. Fizibli ni kile kiuzi chembamba kinachokatika chenyewe umeme unapopita kiasi. Kuitoa ni kama kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele usiku. Tatizo linabaki, na safari inayofuata ni waya wenyewe unaoungua.

Kosa la pili lilikuwa nyaya za nyumba. Waya mgumu wenye shaba moja ndani unafaa ukutani, kwa sababu ukuta hautikisiki. Pikipiki inayopita kila siku juu ya mawe ya lava inatikisika mfululizo, na waya wa aina hiyo hukatikia ndani ya plastiki bila kuonekana. Pikipiki inahitaji waya laini wenye nyuzi nyingi ndogo. Kwa njia kuu ya umeme tulichukua wa milimita 1,5 za mraba, na kwa taa ndogo wa milimita 1.

Ubishi juu ya taa za urembo

Jumapili ya pili ilianza na ubishi. Mdogo wangu alitaka taa nne za ziada, redio na taa za rangi kwenye magurudumu. Si utoto. Kwenye maegesho, abiria huchagua pikipiki inayovutia, na motari mwenye pikipiki chakavu hungoja zamu ambayo haifiki.

Mzee hakumkatalia. Alimpa kalamu afanye hesabu. Taa ya mbele ni wati 35, ya nyuma wati 5. Taa nne za ziada za wati 20 kila moja ni wati 80. Jumla ni wati 120. Ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 10. Betri yetu ni ya ampea 5 kwa saa. Maana yake, mashine ya kuchaji ikilegea, betri inaisha kwa nusu saa tu. Na hata ikiwa nzima, mashine hiyo kwenye pikipiki ndogo haikutengenezwa kubeba mzigo kama huo, hasa injini inapozunguka polepole ndani ya msongamano.

Walikubaliana taa mbili za ledi za wati 10 kila moja. Jumla ikawa wati 60, yaani ampea 5, na fizibli ya ampea 10 inatosha bila wasiwasi. Redio iliachwa. Mahali pake tuliweka kituo cha kuchaji simu karibu na usukani, ndani ya kiboksi kisichoingiza maji. Huku kwetu, abiria anayeshuka simu yake ikiwa imepata chaji kidogo hukumbuka dereva. Urembo ulifanyika pale usipokula umeme: tanki lilipakwa rangi ya bluu, kiti kikashonewa ngozi mpya, na nyuma tukachomelea kibebeo cha vyuma kwa ajili ya magunia ya viazi na makala.

Majirani waliokuja kutazama hawakushangaa. Jimbo hili ndilo linalochonga chukudu kwa mbao, na mji wa Goma umeijengea sanamu. Mtu wa huku haogopi kukitengeneza upya chombo kinachomlisha.

Ampuli iliyotuonyesha kosa

Jumapili ya tatu tulifunga kila kitu, tukarudisha waya wa hasi mwisho, tukafungua kontakti. Fizibli mpya ilikatika mara moja. Mdogo wangu alikaa chini juu ya jiwe bila kusema neno. Kwa mara ya kwanza alionekana amekata tamaa.

Mzee alichukua ampuli ya volti 12, akaifunga mahali pa fizibli. Iliwaka kwa nguvu, ishara kwamba mahali fulani waya wa chanya unagusa chuma. Tulianza kusogeza nyaya polepole, moja baada ya nyingine, macho yakiwa kwenye ampuli. Tulipogusa fungu linalopita kwenye shingo ya usukani, ilizimika. Waya ulikuwa umebanwa pale, plastiki imekatika. Tuliubadilisha, tukauacha uwe mrefu kidogo ili usukani ukigeuka usiuvute.

Kulibaki masi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye chuma. Tulikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, tukakaza bulungi, kisha tukapaka grisi juu. Mvua ya huku, ikichanganyika na moshi wa volkeno, huwa na asidi na hula chuma haraka.

Kipimo cha mwisho kilifanywa kwa multimetri. Injini ikiwa imezimwa, betri ilionyesha volti 12,6. Injini ikizunguka kwa kasi ya kati, volti 14,1. Ingepita 15, regileta ingekuwa mbovu na betri ingechemka. Ingebaki chini ya 13, betri ingekuwa haichajiwi. Gharama yote ya umeme, pamoja na betri mpya, haikufika dola 30.

Jioni hiyo mama ndiye aliyekuwa abiria wa kwanza. Walishuka hadi barabara kubwa na kurudi, wakipita makusudi kwenye mashimo. Taa haikutikisika. Aliposhuka hakusema mengi, aliuliza tu kama simu yake inaweza kubaki pale ikichajiwa.

Sasa mdogo wangu anafanya kazi kwa pikipiki yetu wenyewe, na fedha ya jioni inabaki nyumbani. Chini ya kiti, ndani ya mfuko wa plastiki, kuna nakala ya mchoro kutoka lile daftari pamoja na fizibli mbili za akiba. Fundi yeyote atakayeifungua, hata usiku, atajua kila waya unakwenda wapi. Wamotari wawili wa mtaa wetu wameshakuja kuomba wafundishwe kuchora za kwao.